Kabla hujasaini ofa, omba kuona rosta

Wadau habari za siku. Mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga nimepita, leseni imetoka, kwa hiyo kwa karatasi sasa hivi mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi kamili na nina ofa mezani. Najua kuna wenzangu wengi tuliomaliza nao diploma ambao hata ofa moja hawajaiona, naandika nikijua kabisa nimebahatika, msinirushie mawe. Ila na mimi niseme ukweli, kuchagua nako ni kazi, kwa sababu chuoni miaka mitatu tumefundishwa kutandika kitanda chenye mgonjwa na kuchora patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, na kuhesabu matone ya dripu lakini hakuna aliyewahi kutukalisha chini akatuambia mkataba unasomwaje.

Nianze na ile ambayo sio ofa ila nyumbani kwetu inahesabiwa kama ofa, yani serikali. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, kwake yeye kazi ni ile yenye cheki namba, yani namba ya mtumishi wa serikali, zingine zote ni vibarua tu hata kama unalipwa mara mbili. Mei Mosi ya 2025 Rais Samia alipotangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kinatoka 370,000 kwenda 500,000 baba alinipigia simu anashangilia kama vile aliyepandishiwa ni mimi, na wakati huo mimi nilikuwa bado mwanafunzi naomba hela ya kuchapisha ripoti. Na ana hoja, simbishii. Mtumishi wa umma kwenye mfuko wa pensheni wa PSSSF anakatwa asilimia 5 mwajiri anaweka 15, sisi wa sekta binafsi kwenye mfuko wa NSSF kawaida ni 10 kwa 10, na kule kumfukuza mtu sio kitu cha bosi kuamka vibaya asubuhi. Akaunti yangu ya Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi serikalini, iko hai, vyeti nimepakia vyote, kibali cha ajira kikitoka naomba hata kama ni zahanati ya mwisho wa barabara. Lakini hakuna ajuaye watatangaza lini, na siku hizi hata sisi wa afya tunaitwa usaili, unaandika kwanza ukipenya ndo mahojiano, kwa hiyo kukaa nyumbani Morogoro nasubiri tangazo huku mkono unasahau kutafuta mshipa wa mtoto mchanga, hapana.

Kuna watu wananiambia basi kajitolee hospitali ya wilaya wakati unasubiri. Nimelifikiria hilo. Ubaya wake ni kwamba ukishajitolea unaingizwa kwenye rosta, yani ratiba ya zamu, kama mwajiriwa, naiti unapangwa, lawama unapewa, mshahara ndo haupo, unapewa nauli mwezi ambao mapato ya ndani yameruhusu. Kama ni miezi miwili ya kushika mkono sawa, lakini kuna watu wanajitolea hadi wanazoeleka kama kiti cha OPD pale wagonjwa wa nje wanaposubiri, mimi nina wadogo wawili bado wako sekondari, siwezi.

Sasa ofa zenyewe. Ziko tatu: hospitali ya binafsi Dar, hospitali ya kanisa wilayani huko Ruvuma, na mradi wa Ukimwi mkoani Shinyanga. Majina sitaji, msiniulize hata inbox.

Ya mradi nimeimaliza haraka ingawa ndo ilikuwa na hela nono, laki tisa na nusu. Kazi ni kliniki ya CTC, yani ya wanaotumia dawa za VVU, kujaza kadi, kuingiza data, kuwafuatilia waliopotea kwenye dawa. Kazi nzuri na ya maana kabisa, ila mkataba unaisha tarehe 30 Septemba kama mikataba mingi ya hela za Marekani maana mwaka wao wa bajeti unafungwa siku hiyo, na baada ya hapo ni "kutegemeana na upatikanaji wa fedha". Dada mmoja aliyenitangulia chuoni alikuwa kwenye mradi kama huo Januari 2025 Trump aliposimamisha misaada, walipata imeili ya kuacha kazi wakati wateja wako foleni nje wanasubiri vidonge. Miradi mingine ilirudi, mingine haikurudi. Hiyo tu ingeweza kuvumilika, watu wanaishi na mikataba mifupi na wanajenga nyumba, lakini mimi nimetoka chuo juzi, nikikaa mwaka mzima kwenye kompyuta na madaftari nikija kuitwa leba, wodi ya kujifungulia, nitakuwa mgeni. Nikawaandikia kwa heshima nikawashukuru.

Zikabaki mbili na hapo ndo ukoo mzima ukaingia. Mama anataka Dar maana baba mdogo anakaa Gongo la Mboto na "angalau utakuwa chini ya macho ya mtu". Baba mdogo mwenyewe anataka Dar. Binamu zangu wanataka Dar. Mashoga zangu wa chuo wakisikia Ruvuma wanacheka, mmoja akaniuliza unaenda kuokoka au unaenda kazini.

Kwa juu juu Dar inashinda. Wao wameandika 600,000, kanisa wameandika 420,000. Nikachukua karatasi nikakata kila kitu kinachokatwa kabla ya kuota ndoto. Dar: NSSF 60,000 inatoka, inabaki 540,000 ndo inatozwa kodi, laki mbili na sabini za kwanza hazina kodi, zinazofuata hadi 520,000 ni asilimia 8 ambayo ni 20,000, zile elfu ishirini za juu ni asilimia 20 ambayo ni 4,000, jumla kodi 24,000. Mkononi 516,000. Kanisa: NSSF 42,000, inabaki 378,000, kodi 8,640, mkononi 369,360. Tofauti ni kama laki moja na arobaini na sita na mia sita.

Sasa kanisa wanatoa nyumba ndani ya uzio wa hospitali, chumba na sebule tunakaa wawili, maji yapo. Dar chumba cha kawaida sio cha kifahari elfu themanini hadi laki, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele ambayo sina. Kwa baba mdogo siwezi kukaa milele, nyumba ina watoto, na kutoka Gongo la Mboto hadi hospitali ni gari mbili kwenda na mbili kurudi, ukipiga mia sita kila gari ni 2,400 kwa siku, kwa siku ishirini na mbili za kazi ni zaidi ya elfu hamsini na mbili. Hata nikipanga chumba huko huko, laki ya chumba jumlisha nauli, ile tofauti imeshaliwa na imebaki na deni. Hapo sijanunua hata chapati. Kwa hiyo wanaosema Dar inalipa zaidi wanasoma juu ya karatasi tu.

Halafu angalia ile 600,000 imegawanywaje. Beziki, yani mshahara wa msingi bila posho, ni 450,000, nyumba laki, usafiri hamsini. Mwanzoni unaweza kusema shida iko wapi hela si hela. Shida ni kwamba ovataimu na malipo ya usiku yanapigwa kwenye beziki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, ya ziada yanalipwa mara moja na nusu, na saa ya usiku, yani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, unaongezwa angalau asilimia 5. Nikapiga: beziki ya 450,000 saa moja inatoka kama 2,308. Asilimia 5 yake ni shilingi 115. Usiku mzima wa masaa kumi ni 1,150. Nilicheka mwenyewe chumbani, yani kukesha na wodi nzima nyongeza yake ni soda na chenji ya kununulia bigijii. Na hiyo soda yenyewe mkataba wa Dar ulikuwa umeinywa, kuna sentensi ukurasa wa tatu inasema "mshahara huu umejumuisha malipo ya muda wa ziada na kazi za usiku", na masaa ya kazi wameandika "kulingana na mahitaji ya kituo". Mahitaji ya kituo! Hospitali ikawa na mahitaji ya masaa 70 je?

Sasa nije kwenye kitu ambacho kimenifanya niandike haya yote, rosta.

Kuna sista mmoja mkunga wa siku nyingi aliyetusimamia filidi, yani mafunzo ya vitendo, mama mtu mzima mkali, alikuwa anatuambia mshahara utaambiwa na HR ila kazi utaambiwa na rosta. Wakati ule nikaona ni maneno ya wazee tu. Juzi nilipoitwa Dar kwa ajili ya kusaini nikamuuliza yule kijana wa HR naweza kuona rosta ya mwezi uliopita ya wodi nitakayopangiwa? Akaniangalia kama nimemuomba PIN ya benki. Akasema hiyo ni nyaraka ya ndani. Nikasema sawa. Nikaomba basi nionyeshwe wodi, hilo hakukataa, na nyie mnajua rosta inakaa wapi, kila wodi ya nchi hii inakaa ukutani karibu na meza ya manesi imebandikwa na plasta ya mgonjwa. Nikasimama pale najifanya nasoma bango la kunawa mikono.

Jamani karatasi ile inaongea. M ni asubuhi, N ni usiku, DO ni siku ya mapumziko. Jina la kwanza juu ni inchaji, mkuu wa wodi, M M M M M mwezi mzima, wikiendi DO, hilo ni kawaida. Ukishuka chini kwenye majina ya mwisho ambayo ndo wapya, N N N N N halafu DO moja halafu N tena. Usiku kila siku jina moja tu la muuguzi na pembeni yake atendanti, yani mhudumu ambaye sio muuguzi. Moja. Wodi ina vitanda ishirini na kitu na wengine wametoka theta, chumba cha upasuaji. Na majina matatu yamepigwa mstari kwa peni, hayajaandikwa ya kuziba, zamu zao zimegawanywa kwa mishale kwenda kwa waliobaki. Majina matatu kwenye mwezi mmoja, wodi moja. Shifti ya usiku wanaingia saa moja na nusu wanatoka asubuhi saa moja na nusu, ni masaa kumi na mbili, ukipigwa tano kwa wiki ni sitini. Sheria inaruhusu shifti ya masaa kumi na mbili mkikubaliana kwa maandishi, lakini siku zisizidi tano na masaa ya kawaida yabaki 45 na ya ziada yasizidi kumi. Sitini inavuka hata ukipendelea.

Nikamuuliza dada mmoja aliyekuwa anaandaa dawa, kwa sauti ya chini, dada mtu mpya anakaa muda gani na mwenzake kabla hajaachiwa usiku? Akasema "wiki, wakijitahidi". Hakuongeza neno na mimi sikumuuliza tena, alikuwa na wagonjwa.

Naomba mtu asiniambie wapya wa siku hizi mnaogopa kazi. Siogopi kazi. Fikiria leba saa tisa usiku, mama amejifungua, mtoto halii. Una dakika moja hiyo ya kwanza ya kumkausha, kumsisimua na akigoma unaanza kumpa hewa kwa begi na maski. Wakati uko kwa mtoto mama anaanza kuvuja damu. Hapo una wagonjwa wawili wanaokufa kwa wakati mmoja na mikono ni miwili. Mmoja anatakiwa abaki na begi, mwingine asugue kizazi, achome oksitosini, sindano ya kubana kizazi, kama haikuchomwa, afungue mshipa wa pili, aite daktari, aangalie damu imefika wapi. Hii sio hadithi ya kutisha watu, kila aliyepita leba ameiona au ameikosa kosa, na kuvuja damu baada ya kujifungua kunaua akina mama wengi kuliko watu wa nje wanavyodhani. Ukiwa peke yako na atendanti ambaye hajafundishwa begi, utamchagua nani? Na asubuhi ripoti ikisomwa anayeulizwa ni wewe. Leseni ina jina langu, haina jina la HR. Likifika suala Baraza la Uuguzi na Ukunga wataniita mimi nieleze kwa nini patografu ina mapengo kuanzia saa nane, na "nilikuwa peke yangu" inaeleweka lakini haimrudishi mtu wala haikutoi kwenye kiti.

Huko Ruvuma sikwenda, ni mbali na nauli hamna, ila nilimpigia matroni, mkuu wa wauguzi, ambaye ni mtawa. Nikamsalimia Tumsifu Yesu Kristo ingawa mimi ni Muislamu maana binamu alinifundisha ndo salamu yao, akajibu milele amina halafu akacheka akasema mwanangu jina lako nimeliona, ungesema shikamoo tu inatosha. Nikamuuliza kuhusu hijabu nikiwa najiandaa kubishana. Akasema nyeupe, fupi, isining'inie kwa mgonjwa, na mikono ya gauni iishie kwenye kiwiko kama kila mtu kwa sababu ya kunawa. Basi. Suala nililoliwazia wiki nzima likaisha hapo.

Nikamuomba rosta. Hakuuliza ya nini. Akapiga picha akatuma wasap, imekaa upande na kidole chake kinaonekana pembeni, nikageuza simu nikasoma. Leba usiku majina mawili, na mmoja kati ya hao wawili kila mara ni kati ya wale wale wanne wa juu, nikamuuliza hao ni akina nani akasema ni wakunga wangu wa zamani, mmoja yuko hapa kabla wewe hujazaliwa. Wapya wanakaa miezi mitatu hawapangwi usiku kama watu wa kuhesabika, wanakuwepo kama wa tatu. Naiti ni nne halafu unapata mapumziko. Kuna jina moja limekatwa, akaniambia kabla sijauliza, huyo ameitwa serikalini.

Nikauliza na swali lingine ambalo nawashauri muulize popote: nikijichoma sindano saa tisa usiku dawa za PEP, zile za kukinga VVU baada ya ajali, ziko wapi na nani ana ufunguo? PEP inatakiwa ianze ndani ya masaa 72, na mapema zaidi ndo bora, kwa hiyo jibu la "utaenda ofisini asubuhi" halifai. Yeye akasema ziko kabati ya leba, ufunguo anao kiongozi wa zamu. Chanjo ya homa ya ini B wanachoma wao, dozi zote tatu, ya mwisho baada ya miezi sita. Dar nilipouliza hilo la chanjo niliambiwa nilete kadi, kuchoma ni juu yangu.

Sio kwamba kwa kanisa ni peponi. Mshahara wakati mwingine unachelewa, matroni mwenyewe aliniambia, inategemea malipo ya bima yameingia lini. Saa nne usiku geti linafungwa na wageni wa kiume hawaingii nyumba za wafanyakazi, na mimi ni mtu mzima. Vifaa vinapungua. Intaneti inasuasua, na hizo pointi za CPD, yani mafunzo endelevu, za kuhuisha leseni nyingi siku hizi ni za mtandaoni. Baridi ya kule mama ameshaanza kuilia kabla sijapanda basi.

Ila kuna kipengele kimoja cha mkataba wa Dar ambacho hata bila rosta kingenirudisha nyumbani, na hiki nakisema kwa nguvu. Wameandika vyeti halisi vitabaki ofisi ya HR "kwa usalama" muda wote wa mkataba, na ukiondoka kabla ya mwaka unalipa gharama za mafunzo. Mafunzo yenyewe ni utambulisho wa siku mbili na chai. Sasa unganisha na usaili wa serikali: siku ya usaili unatakiwa uende na vyeti halisi, sio nakala. Ukiitwa Dodoma itabidi uende kwa HR umuombe vyeti vyako mwenyewe ili ukafanye usaili wa kumuacha, atakupa? Cheti ni chako. Mwajiri aone halisi, alinganishe, abaki na nakala iliyothibitishwa na mwanasheria, arudishe. Kama anaogopa watu watakimbia aangalie kwanza kwa nini wanakimbia.

Na mjue pia, kwa sheria hiyo hiyo, ukiwa na chini ya miezi sita kazini kinga ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu. Yani miezi sita ya mwanzo uko mwepesi sana, anaweza kukutoa, sasa na vyeti vyako viko kwenye droo yake utatoka vipi. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, likizo ya mwaka ni siku 28, uzazi siku 84, ukiona mkataba umeandika pungufu ya hapo uliza, na ukijibiwa "huo ndo utaratibu wetu" jua utaratibu wa ofisi haushindi sheria. TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, wapo, chama chetu cha wauguzi TANNA kipo, ulizeni watu kabla ya kusaini sio baada.

Nilipowaambia Dar sitokuja yule kijana wa HR alinipigia, akaongeza hamsini. Nikamuuliza, usiku mmeongeza mtu? Akasema wako kwenye mchakato. Akaniuliza kama ni suala la hela nitaje yangu. Nikarudia swali langu la usiku, akasema dada wewe utakuwa na shida kazini. Huenda.

Simlaumu anayekwenda. Shoga yangu mmoja ana digrii, bodi ya mikopo inamkata asilimia 15 na ana mtoto anayelelewa na bibi yake Temeke, kwake Dar ni jibu sahihi na alichukua hospitali nyingine ya binafsi ambayo rosta yake aliikagua, usiku wapo watatu na wanalipwa naiti vizuri tu. Zipo hospitali binafsi zinazojiheshimu, na zipo za kanisa zinazomtumikisha mtu kwa jina la Mungu. Ndo maana nasema tazama karatasi ya ukutani, usitazame nani kaijenga hospitali.

Mama tumemalizana naye kwa njia ya ajabu kidogo. Nilikuwa namweleza habari za majina mawili usiku, na ukunga na begi la mtoto, akanyamaza, halafu akasema siku nakuzaa wewe nesi alikuwa mmoja na tulikuwa watano, mwenzangu wa kitanda cha pembeni alijizalia mwenyewe. Hajawahi kunisimulia hiyo. Akasema nenda huko wawili waliko. Baba mdogo bado amenuna, nitampelekea mahindi ya Ruvuma.

Baba ndo aliyebaki na swali la maana: wakikuita serikalini je? Na mimi nilikuwa nalo hilo hilo moyoni, nikaona nisimfiche matroni, nikampigia tena nikamwambia Sista naomba niwe mkweli, nimeomba Ajira Portal, nikiitwa nitaondoka. Akasema mwanangu wote wanaondoka, mimi nimeshawafundisha nusu ya manesi wa halmashauri hii, naomba vitu viwili tu, notisi yako ya siku 28 uimalize, na siku ya mwisho usiondoke wodini hujatoa ripoti kwa anayekupokea. Mkataba nimeusaini, nimeuskani nimeutuma, vyeti halisi viko kwenye begi langu.